Treni Iliyosimama Kabla ya Daraja

3 Desemba

Mvua imeanza kwa fujo. Tumetoka misa ya pili sare yangu ya WAWATA imenigandia mgongoni, viatu nimevishika mkononi, na katekista mwenyewe kavuka uwanja na ndoo kichwani. Nyumbani bati linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya cherehani. Nikamwambia Erasmus apande akalitazame. Yeye kakaa kibarazani anatazama mawingu juu ya milima ya Matogoro. Akanijibu, "Udongo ukilowa hivi Desemba, Januari tutakoma." Namwambia bati, ananijibu udongo.

Nieleze vizuri, asije mtu akasoma akadhani nimeolewa na mkulima. Songea hatuna reli hata ya kuchezea, lakini mume wangu ni dereva wa treni. Anapanda basi mpaka Njombe, anaunganisha hadi stesheni, anapotea wiki mbili, anarudi ananuka dizeli na kunikosoa ninavyofunga mlango. Na kwa kuwa hapa hakuna reli, kila mtu wa mtaa wetu wa Msamala ni mtaalamu wa reli. Daftari hili nimepewa bure dukani nilikonunua mbolea. Nimeona nilitumie, maana Saada anayekaanga vitumbua kwenye baraza langu anasema nikishona naongea peke yangu.

5 Desemba

Erasmus ameondoka. Kabla ya kwenda stendi alipita kwa jirani yetu Suzana kumuaga mama yake, Mama Lidwina, aliyetoka kwake Matogoro kujiandaa na safari ya Dar kutibiwa moyo. Basi hawezi, mgongo haumruhusu kukaa siku nzima. Kwenye treni atalala kitandani kama binadamu, na Suzana atapata nafasi ya kuleta marobota yake ya mitumba.

Erasmus ni Mhehe na sisi ni Wangoni, kwa hiyo mtaa mzima ni watani wake. Hakuna tusi asilotukanwa, hakuna asilorudisha, na hakuna anayeruhusiwa kununa.

"Mateka wangu, hujambo?" akamwambia bibi wa watu.

"Mla mbwa wewe," Mama Lidwina akamjibu. "Nasikia wakati wa kurudi utanibeba wewe. Hilo treni lako lina breki?"

"Breki za nini? Mngoni hata akidondoka hafi, anaamka anaomba ulanzi."

Bibi akacheka mpaka akashika kifua. Suzana akamfukuza Erasmus kwa mwiko.

11 Desemba

Mvua.

12 Desemba

Mvua. Nguo hazikauki, watoto hawakauki, mimi mwenyewe sikauki.

27 Desemba

Erasmus alikuja kula Krismasi na ameondoka leo. Kichwa cha treni walichompa ni kile kizee, kilianza kazi yeye bado hajabatizwa. Kifutio cha kioo kinafanya kazi kimoja tu, upande wa msaidizi, kwa hiyo mvua ikizidi anatoa kichwa dirishani kama mbuzi kwenye lori. Anasimulia hayo huku anacheka, nami nilicheka. Nikamwambia kama ni kibovu akikatae.

"Nikikataa atapewa George," akasema.

George ni dereva mwenzake, maarufu kwa kuwahi. Abiria wanampenda. Erasmus anasema naye anampenda, ila hapendi alale akijua George yuko mteremkoni na kichwa kile. Nikaona fahari, nisiseme uongo. Nilimfungia ndizi za kuchoma nikamsindikiza hadi barabarani.

9 Januari

Mpitimbi. Nusu ya matuta yangu ya mahindi yamekwenda na maji, na mbolea yake. Jirani wa shamba anasema ni El Nino. Mwingine anasema ni dhambi. Mimi nimepanda tena.

16 Januari

Suzana amepiga simu kutoka Dar. Mama ameruhusiwa, wamepanda treni leo, na dawa amepewa za njiani. "Mwambie shemeji atupokee huko mbele zamu yake ya kuendesha ikianza, mama anasema amemtafutia tusi jipya." Nimefagia mpaka upande wa kwao.

17 Januari

Treni haijafika. Saada ameniletea habari pamoja na kitumbua: kuna mtu kamwambia imezama. Kabla sijameza, fundi viatu wa ng'ambo akasema haijazama, imepinduka. Mchana ikawa haijapinduka, imesimama tu kabla ya daraja la Mto Mlowezi na dereva kakimbilia porini. Nikamuuliza aliyesema kakimbia, kamwona nani? Akasema iko kwenye grupu. Simu ya Erasmus haipatikani. Ya Suzana inaita mara moja inakata. Mvua haijapumzika tangu jana, na nimeshona mkono wa shati kwenye kiuno cha sketi.

Jioni akaja Valence, kaka yake Suzana, mwalimu wa fizikia.

"Dada Rosemary, shemeji anafanya nini huko?"

"Mimi niko hapa na wewe, mwalimu."

"Treni nzima imesimama. Kuna abiria ametuma picha, daraja lipo, linaonekana. Sasa anasubiri nini?"

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba wanamkasirikia, maana ina maana yu hai. Halafu nikaanza kumkasirikia na mimi. Kama daraja lipo si apite?

18 Januari

Mchana Erasmus akapiga. "Tumevuka. Niko mzima." Simu ikakata. Nilipiga vigelegele nikamkumbatia Saada na mafuta yake. Hapo hapo nikasikia kilio kutoka kwa Suzana, kilio cha mwanamume. Ni Valence, na yeye alikuwa amepokea simu yake.

Mama Lidwina amefia ndani ya treni, leo asubuhi, ikiwa bado imesimama. Baada ya hapo akaja mkaguzi na kiberenge, kile kigari cha relini, akashuka, akalitazama daraja huku na huku, akasema linafaa. Treni ikavuka polepole. Daraja halikufanya chochote.

Mikono yangu ilikuwa bado shingoni kwa Saada. Sikujua niitoe au niiache.

19 Januari

Maiti imekuja kwa gari la kukodi, Erasmus kwa basi. Wamefika karibu pamoja. Amesimamishwa kazi mpaka atakapoitwa. Hajala.

20 Januari

Tumemzika Mama Lidwina. Naandika haraka kabla watu hawajaniharibia kwa masimulizi yao.

Kwetu mtani msibani ni mtu wa lazima. Ndiye anayevaa kanga ya marehemu akaiga sauti yake, anayeingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku, ili wafiwa wacheke kidogo wapumue. Erasmus amewafanyia hivyo watu wa Matogoro na Msamala miaka yote ya ndoa yetu, na ana mchezo wake mmoja unaojulikana. Njia ya makaburini kule Matogoro inavuka kijito kwa daraja la magogo. Yeye hutangulia mbele ya jeneza, anasimama katikati ya magogo, anatanua mikono: "Hapiti Mngoni hapa bila ushuru!" Watu wanacheka huku wanalia, wanamtupia chochote, anawapisha.

Asubuhi tuligombana.

"Usiende," nikamwambia.

"Nisipokwenda watasema nimekiri."

"Na ukienda utafanya nini? Utaiga sauti ya mtu aliyefia kwenye treni yako?"

Wakati tunabishana ukaja ujumbe kutoka kwa mzee Gaspari, kaka wa marehemu: mtani aje. Maneno mawili tu. Nikamtazama mleta habari usoni nijue kama ni heshima au ni mtego. Naye alikuwa ananitazama mimi, labda akitaka kujua hicho hicho.

Akaenda. Alikaa na wanaume, mwisho wa benchi. Hakuna aliyempa kanga ya marehemu na hakuna aliyemfukuza. Mimi nilikuwa na akina mama, mvua ya rasharasha inatunyeshea, tunaimba. Jeneza lilipoinuliwa nikamwona mgongo wake. Alikuwa ametangulia. Nikasema moyoni, anakwenda mbele ili asitazamane na watu. Akafika kwenye magogo, akaingia mpaka katikati, akageuka, akatanua mikono.

Nyimbo zikakatika. Waliobeba jeneza wakasimama, matope yamewafika vifundoni. Chini maji ya kahawia yalikuwa yanagonga magogo. Nikangoja aseme yale maneno yake ya ushuru. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Uso haukuwa wa mtu anayetania. Ulikuwa wa mtu aliyeamka akajikuta amesimama mahali asipopajua.

"Huyu ana wazimu," Valence akasema.

Suzana alikuwa mbele kabisa, amebeba msalaba. Hakupaza sauti. "Tuvushe, shemeji."

Erasmus akaruka kutoka kwenye magogo akaingia majini, maji yakamfika mapajani, akashika gogo la pembeni kwa mikono yote miwili. Jeneza likapita juu yake, na watu wote nyuma yake. Mama mmoja nyuma yangu akacheka, maana siku zote mchezo huo huishia kwa kicheko. Wa pili akadakia. Kisha wakaona aibu wakajifunika kanga. Mzee Gaspari alipita akiwa ametazama mbele. Mimi nilipopita nilimkanyaga kidole, sijui kama kwa makusudi.

Nyumbani nikamuuliza, "Ule ulikuwa utani?"

"Sijui. Miguu ilikwenda yenyewe."

"Na majini uliingia kufanya nini?"

"Nilikuwa nashika gogo lisitikisike," akasema.

21 Januari

Wapo wanaosema ni tusi. Wapo wanaosema ni utani wa hali ya juu ambao hautarudiwa Songea. Mama mmoja wa jumuiya anasema ni toba. Saada, ambaye ni Myao wa Tunduru na ana watani wake wengine, ananiomba nimfafanulie. Nimemwambia akishaelewa anifafanulie mimi.

24 Januari

Mzee Gaspari ameleta kuku. Ni haki ya mtani baada ya maziko, lakini hakuandamana na neno lolote. Erasmus amekataa kumchinja na amekataa kumrudisha. Kuku anazunguka uwanjani anakula mabaki ya vitumbua.

29 Januari

Mvua. Erasmus amepanda kwenye bati, ameziba. Bado linavuja, ila mahali pengine.

2 Februari

Nimekutana na Suzana bombani. Tangu maziko alikuwa anapita kwa nyuma ya nyumba ili asinione. Leo maji yalikuwa yanatoka kwa kusuasua, ikabidi tungoje pamoja. Nikampa pole upya. Akanitazama.

"Kwani hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Nilimfuata kule mbele. Nilitembea kwenye kokoto na mvua ile, behewa kwa behewa, nikafika kwenye kichwa nikagonga chuma kwa kiatu. Akafungua dirisha. Nikamwambia, shemeji, dawa zimeisha, mama anavuta pumzi kwa shida. Tuvushe, shemeji."

Ndoo yangu ilikuwa inajaa, nikawa naitazama hiyo.

"Akasemaje?"

"Akasema, siwezi, dada. Nikamwambia basi turudishe tulikotoka, kule kulikuwa na zahanati. Akasema kichwa hakiwezi kurudi mlimani, reli imelowa, magurudumu yatateleza. Nikamuuliza, sasa kinaweza nini? Akafunga dirisha."

Akajitwisha ndoo yake haikuwa hata nusu, akaondoka.

Kumbe pale kwenye magogo Suzana alikuwa anayarudia maneno yale yale. Na mimi nilidhani ni maneno ya msibani. Erasmus amenieleza habari za mvua, za radi, za abiria waliochoma viazi pembeni ya reli. Hili hakulisema. Nilipofika nikamuuliza kwa nini alifunga dirisha.

"Mvua ilikuwa inaingia," akasema.

Sijawahi kutaka kumpiga mtu hivyo. Nimempakulia ugali bila mboga.

6 Februari

Bila mboga.

10 Februari

Nimechoka kukasirika, nimepika maharage.

15 Februari

Jana tulipakwa majivu. Leo tulikuwa Mpitimbi kupalilia, yeye tuta lake na mimi langu. Akaanza kusema bila kuinua uso.

"Maji yalipungua."

"Maji gani?"

"Ya Mlowezi. Nilikuwa nashuka taratibu, nikauona mto kutoka kwenye kona. Mvua inanyesha vile vile, mto unapungua. Hauwezi kupungua mvua ikinyesha, Rosemary, mpaka huko juu kuwe na kitu kimeuziba. Udongo umeporomoka, au miti. Na kikiachia kwa mpigo, daraja linakwenda na kila kilicho juu yake."

"Kikaachia?"

"Sijui. Asubuhi maji yalikuwa yamerudi kawaida. Labda kiliachia kidogo kidogo."

"Labda hakikuwepo."

Akalima kidogo. "Labda hakikuwepo."

Nilidhani amemaliza. Tulifika mwisho wa matuta, tukageuka, ndipo akasema kuna kingine. Breki. Kama breki zingekuwa nzima angeingia darajani mwendo wa mtu na miguu yake, akiona dalili anasimama. Lakini kile kizee kwenye mteremko, reli ikiwa imelowa, ukikiambia simama kinasimama kinapotaka chenyewe. Alipofanikiwa kukisimamisha pale juu ya kona, aliogopa kukiachia tena.

"Sasa ulisimama kwa ajili ya daraja au kwa ajili ya breki?"

"Vyote viwili."

"Ulijua ni mbovu kabla hujaondoka stesheni?"

"Nilijua. Nilisema. Wakasema fundi atakuja mwisho wa mwezi."

"Ukaondoka nayo."

"Nikaondoka nayo."

"Mama Lidwina alikuuliza," nikamwambia. "Alikuuliza kama lina breki."

"Najua aliniuliza."

Angekataa kuondoka, angepewa George. George angevuka bila kupunguza mwendo, na Mama Lidwina angekuwa anaota jua kwake Matogoro hivi sasa. Au wote wangekuwa chini ya mto, na Suzana pia, na marobota yake. Nimejaribu kulifikiria upande huu, nimejaribu upande ule, kila upande unaniuma. Nikagutuka nimepalilia tuta moja mara mbili na kung'oa mahindi yangu mwenyewe.

27 Februari

Erasmus amerudi kutoka kuhojiwa na wakubwa wa reli. Nimemfanya anisimulie mara tatu nihakikishe nimesikia sawa. Walikuwa watu wanne, wamevaa vizuri.

"Daraja lilianguka?" wakamuuliza.

"Halikuanguka."

"Lilipasuka?"

"Halikupasuka."

"Sasa ulisimama kwa sababu gani?"

Akawaeleza maji. Wakauliza kama alikuwa na kipimo cha maji. Akawaambia ana macho. Akawaeleza breki. Wakauliza, kama breki zilikuwa mbovu, treni ilisimamaje? Kwa kuwa imesimama, breki zinafanya kazi. Erasmus alinitazama baada ya kusimulia hilo, akingoja nicheke au nilie. Nilimwambia hata mimi limenichanganya, maana ukilisikia haraka haraka lina akili.

3 Machi

Mvua. Mtoto wa shule kaniuliza kama ni kweli mume wangu anaogopa madaraja. Nimemfupishia suruali zaidi ya alivyotaka.

12 Machi

Jana treni ya George imeacha reli. Si Mlowezi, ni mbali kabisa na pale, kwenye kona. Mvua ilikuwa kubwa, akashika breki, kichwa kikaendelea, behewa la mwisho likatoka likalala ubavu. Hakufa mtu. Watu wamevunjika mikono na mbavu. Kichwa ni kile kile kizee.

Kufikia mchana Msamala yote ilikuwa imebadilika. Fundi viatu kaja kumsalimia Erasmus kwa mikono miwili. Yule wa grupu anadai yeye siku zote alimtetea. Nikajikuta natembea kifua mbele kwenda kununua chumvi, nikajionea aibu, maana huko kuna watu wamefungwa plasta. Erasmus hakufurahi hata kidogo. Alimpigia George, wakaongea muda mrefu kwa sauti ya chini. Nilichosikia ni, "Hapana, usijilaumu, hakisikii."

Jioni akaja Valence. Hakutaka kukaa.

"Shemeji, nimesikia ya George. Lakini daraja la Mlowezi bado lipo."

"Lipo," Erasmus akasema.

"Mama yangu hayupo."

"Hayupo."

"Mimi nafundisha watoto kwamba kila swali lina jibu. Nipe jibu moja. Mngevuka salama au msingevuka?"

"Mwalimu, ningelijua ningekuwa nalala."

Valence akasimama pale mlangoni, mwavuli unamchuruzikia kwenye viatu. Mwisho akaomba maji ya kunywa. Nikampa.

21 Machi

Erasmus ameitwa kazini. Amepewa onyo kwa kuchelewesha abiria, na papo hapo ameambiwa ahimize usalama. George naye amerudishwa, madereva ni wachache. Kichwa kizee kilipelekwa karakana, kikarudi kimepakwa rangi.

"Na breki?" nikamuuliza.

"Wanasema wamezigusa."

Nilimwambia asiende. Nilisema tutauza mahindi, nitaongeza cherehani, tutakula likolo, majani matupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza shati lake la kazi liko wapi. Nimelipiga pasi huku nalia, na sikujua nalia kwa sababu anakwenda au kwa sababu sehemu yangu moja inataka aende.

31 Machi

Pasaka. Erasmus yuko zamu. Kuku wa mzee Gaspari ametaga chini ya cherehani.

8 Aprili

Mvua inapaswa kuwa inaaga, lakini leo imenyesha tangu asubuhi kama iliyosahau tarehe. Nilikuwa nakata vitambaa, Saada ameingiza jiko ndani kwa sababu ya upepo. Suzana akaingia. Tangu Januari hakuwa amevuka kizingiti changu. Saada akaacha kugeuza vitumbua, vikaanza kuungua.

"Karibu, Suzana. Kaa."

Hakukaa. "Nakwenda Dar wiki hii, dada. Mzigo umeisha, na watoto wanakwenda kumwona baba yao, shule zimefungwa. Nataka kujua shemeji ana zamu lini."

Nilimwelewa, anataka kumkwepa. Angekuwa mtu mwingine, ningeumia moyoni, lakini huyu ana haki. Nikaweka mkasi chini.

"Panda ya Jumatano," nikamwambia. "Ya Jumatano ni George. Hutamwona kabisa."

"Ijumaa je?"

"Ijumaa ni yeye."

Alitazama nje, mvua inaruka kwenye dimbwi la uwanjani. Watu wote wamemwambia apande na George, najua, kwa sababu na mimi wameniambia. George hata baada ya ajali bado anawahi.

"Basi Ijumaa," akasema.

Nikainuka nimshike mkono. Akaurudisha nyuma.

"Usinishukuru. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Mama yangu angekuwa hai leo, hilo hakuna wa kunitoa kichwani. Ila nakwenda na watoto."

Akajifunika kanga kichwani akatoka. Saada alikuwa analia juu ya vitumbua vilivyoungua. Mimi nilikaa kwanza, kisha nikampigia Erasmus stesheni, nikamweleza neno kwa neno, nani anapanda Ijumaa na yuko na nani.

"Huko kwenu mvua inanyesha?" akauliza.

Nikamwambia inanyesha.